Kumbukumbu ya mradi wangu: kamusi ya printa ya leza ya rangi na mtandao wake

Siku ya 1. Printa iko mezani, kompyuta mbili pembeni, daftari tupu. Kila neno litakalonikwaza ninapoiunganisha litaelezwa kwa Kiswahili cha mtu ambaye hajawahi kufungua printa. Sharti ni moja: neno la mafundi likiwepo, nalichukua kama lilivyo. Sitaki kubuni maneno ambayo nitayatumia peke yangu.

Siku ya 3. Nimefungua mlango wa mbele. Katriji nne: samawati, majenta, njano, nyeusi. Kwenye tona niliandika "wino", nikafuta. Wino ni majimaji. Tona ni unga wa plastiki wenye rangi. Tofauti hiyo ina faida: anayedhani ni wino atafua kwa maji ya moto shati lililomwagikiwa, kumbe joto ndilo linalougandisha unga kwenye nguo. Maji baridi tu.

Dramu nimeiacha dramu. "Ngoma" ilinichekesha, nikaiweka kando. Maelezo yake: silinda inayopewa chaji ya umeme, leza ikaimulika na kubadilisha chaji pale picha inapotakiwa, unga ukanata hapo hapo. Katika mashine hii kila rangi ina dramu yake, na zote nne huweka unga kwenye mkanda mmoja kabla haujafika kwenye karatasi.

Fyuza imenichosha. Inafanana mno na fyuzi, na ukimwambia mtu "fyuza imekufa" ataenda kuangalia plagi. Nimeandika: fyuza, yaani pasi ya printa, roli mbili zinazoubana unga na kuuyeyusha kwenye karatasi kwa joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi. Hapo kwenye "pasi" najipongeza.

Siku ya 6. Leo sikupanga kuandika neno lolote, ila printa imenipa moja. Kidoa cha samawati kinajitokeza kila baada ya milimita 94, kutoka juu ya ukurasa hadi chini. Kitu kinachozunguka huacha alama yake kila kinapomaliza mzunguko, kwa hiyo 94 gawanya kwa 3.14, unapata kipenyo cha kama milimita 30. Nikapima dramu: 30 kamili. Roli nyingine zote ni nyembamba zaidi. Nikaichomoa ya samawati, nikaifunika kitambaa haraka kwa sababu mwanga huiharibu, na kweli ina mkwaruzo. Nimebadilisha, doa limekwisha. Daftarini: "doa la mzunguko". Hili nimelibuni, nimevunja sharti langu mwenyewe.

Siku ya 9. Mtandao. Nilitaka daftari la pili, nikakumbuka kwamba vitu hivi ni ndugu: Gary Starkweather alikamilisha printa yake ya leza mwaka 1971 katika maabara ya Xerox PARC, California, na mwaka 1973 Robert Metcalfe akaandika wazo la Ethernet, mfumo wa kuunganisha kompyuta kwa kebo, humo humo. Daftari linabaki moja.

Asubuhi kompyuta zote mbili hazikuiona printa. Kebo nzima, taa zinawaka. Kumbe niliizima usiku, na ilipowaka ruta, kisanduku kinachounganisha vifaa vyote, ikaipa anwani nyingine ya IP, yaani namba ya kuipatia mtandaoni, wakati kompyuta bado zinatuma kazi kwenye ile ya zamani. Ndipo nikaielewa DHCP, utaratibu wa kutoa anwani hizo: ruta haigawi anwani, inazipangisha, na mkataba una mwisho. Anwani ya MAC, namba ya utambulisho wa kifaa yenye biti 48, printa imetoka nayo kiwandani. Nimeiambia ruta kwamba mwenye MAC hii apewe chumba kile kile siku zote. Tangu hapo kimya.

"Poti" nimeigawa. Tundu la kebo linabaki poti. 631 na 9100, ambako kazi za kuchapa hupokelewa, nimeziita namba za mlango.

Siku ya 12. Maneno 41. Limebaki spula. Wengi huiita foleni, lakini foleni ni kazi zinazosubiri. Spula ni programu inayozipokea, kuzihifadhi kwenye diski na kuzipeleka printa moja moja, ili wewe uendelee na shughuli zako. Nimeandika "karani wa foleni", kwa penseli.