Nimeiona nyota kibete nyeupe kutoka Kitulo!

Jamani, nimeiona kwa macho yangu! Saa tisa usiku, Oktoba hii, Kitulo, uwanda wa juu huku kusini mwa Tanzania, zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya huku mnaijua, blanketi mbili na bado unatetemeka.

Inaitwa 40 Eridani B. Kwetu huku kusini inapita karibu kabisa na utosini, magharibi ya Rigel, nyota angavu ya kundi la Orion. Jirani yake 40 Eridani A, ya rangi ya machungwa, unaiona bila kifaa chochote. B yenyewe ni hafifu, inahitaji darubini, ila ndogo tu inatosha: kinukta cheupe pembeni. Mwanaastronomia William Herschel aliiona mwaka 1783.

Kinachonishangaza ni hiki. Ina zaidi ya nusu ya uzito wa Jua, lakini upana wake ni kama mara moja na nusu tu ya ule wa Dunia! Ni kiini cha nyota iliyomaliza fueli, kama kaa la moto linalopoa taratibu. Uso wake bado una joto la nyuzi takriban 17,000, karibu mara tatu ya Jua. Mwanga nilioupokea ulisafiri miaka 16.

Wenye darubini Mbeya, Makete na Njombe, itafuteni kabla mawingu ya mvua hayajafunga anga.