Sensa Iliyodanganya Injini

Miaka michache baada ya lava ya volkano ya Nyiragongo kufunika katikati ya mji wa Goma mwaka 2002, nilipokuwa ningali najifunza ufundi katika karakana moja ya Birere, mtaa wa mji huo, tuliletewa teksi ya petroli iliyotoa moshi mweusi na kumaliza tangi kabla ya jioni. Mama mwenye gari alikuwa ameambiwa kwingine kwamba kosa ni la mwinuko: mji uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, basi petroli lazima izidi. Maelezo hayo yangeifaa injini ya kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli bila kompyuta. Hii ilikuwa ya injeksheni, yaani petroli hunyunyizwa kwa amri ya kompyuta, na kompyuta yake hupima hewa inayoingia ndipo ipime petroli, ikilenga takriban sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli kwa uzito.

Tulifungua buji, yaani plagi za kuwashia petroli, zote nne zikawa na masizi makavu, meusi. Filta ya hewa ilijaa vumbi la mawe ya volkano. Tukaweka nyingine, lakini moshi haukukoma. Hapo Papa aliyekuwa akinifundisha aliacha vifaa, akamgeukia dereva.

“Moshi unaanza saa ngapi?”

“Asubuhi hakuna shida, Papa. Gari likishapata moto ndipo linaanza.”

Kwangu jibu lile lilikuwa na thamani kuliko vipuri vyote vilivyokwisha kubadilishwa bure. Injini baridi huhitaji petroli nyingi, na kompyuta huipunguza kadiri sensa ya joto la maji, yaani kifaa kinachopima joto la maji ya kupozea injini, inavyoiarifu kwamba injini imepata moto. Tuliifungua sensa hiyo, tukaitumbukiza ncha yake katika sufuria juu ya jiko la makaa, waya za multimeta, kifaa cha kupima umeme, zikiwa zimeunganishwa. Sensa nzima ya aina ile husoma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 2,000 na zaidi katika maji baridi, kisha hushuka chini ya 400 maji yanapokaribia kuchemka, ambayo kwetu ni kama nyuzi 95. Ile haikushuka hata kidogo, kwa hiyo kompyuta iliendelea kuilisha injini ya moto kana kwamba ndiyo kwanza inawashwa alfajiri.

Sensa mpya ilimaliza moshi. Papa alisisitiza oili nayo ibadilishwe, kwa kuwa petroli isiyoungua huteremka kwenye kuta za silinda na kuifanya oili iwe nyepesi. Mama alilalamikia gharama mpaka aliponusa kijiti cha kupimia oili, akamtuma kijana dukani.