Kapiteni juu ya chukudu

Niliusikia ule ugonjwa kabla ya kuuona. Krr, krr: kucha za nyuma za Kapiteni zikiburuzwa juu ya makoro, yale mawe meusi ya volkano, ya uwanja wetu, mtaa wa Mapendo, Goma. Nilidhani ni uvivu. Alikuwa na miaka 11, mbwa mwenye damu ya Kijerumani, na zaidi ya mara moja nilimfokea pale ngazini. Hilo bado linaniuma.

Machi 2021 daktari wa mifugo alimsimamisha, akaukunja mguu wa nyuma hadi mgongo wa wayo ukalala kwenye sementi. Mbwa mzima huugeuza papo hapo. Kapiteni aliuacha vilevile, akimtazama daktari kwa adabu, kana kwamba ule mguu ni wa jirani.

"Mguu hauna neno," akasema daktari. "Habari ndizo hazifiki."

Akambonyeza mgongo mzima, mbwa hakulia. Alishuku ugonjwa unaokula neva za uti wa mgongo polepole. Huwapata sana mbwa wa Kijerumani wakishazeeka, hauumi, hauna dawa, na mara nyingi ndani ya miezi 6 hadi 12 miguu ya nyuma inakufa kabisa. Hakika yenyewe hupatikana kwa darubini, mbwa akishakufa.

Papa akacheka kidogo. "Hiyo hakika tuiache, dokta."

Alimshonea viatu vya mpira wa ndani wa tairi, maana kucha zilikuwa zimelika hadi damu.

Kisha volkano ya Nyiragongo ikalipuka, usiku wa tarehe 22 Mei. Moto ulisimama upande wa Buhene, lakini ardhi haikutulia siku zile zote. Tulipepesuka uwanjani, na kwa mara ya kwanza familia nzima ilitembea kama Kapiteni.

Tarehe 27 asubuhi mkuu wa mkoa akaamuru mitaa 10 ihamwe, wetu ukiwemo. Magari yalijaa. Jirani akasema, "Muache, ni mbwa muzee." Papa hakumjibu. Alirudi na mwenye chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, wakapanga magodoro, sufuria, na Kapiteni juu kabisa, amefungwa kwa kitenge cha mama.

"Huyu atalipa kama gunia la viazi," mwenye chukudu akasema. Alilipiwa.

Njia ya Sake ilikuwa kichwa kwa kichwa. Pale Mugunga, chukudu iliposhika mteremko, mama akapiga kelele: "Kapiteni, lala chini!" Askari wawili wakageuka haraka, mmoja akiwa ameshainama. Tulicheka mpaka mama akakaa kando ya barabara.

Sake tulilala kwenye veranda ya watu tusiowajua. Usiku ardhi ikatikisika tena. Kapiteni akajaribu kuamka, akaanguka, akabaki na mguu mmoja umepinduka chini yake. Nilingoja kidogo, nikiutazama. Kisha nikaugeuza mimi mwenyewe.