Fleti yetu katika nyumba ya watawa ya zamani mjini Tours

Mwezi uliopita mimi na mume wangu tulikabidhiwa funguo za fleti yetu mjini Tours, katika jengo ambalo kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa lilikuwa makao ya watawa wa kike. Ndugu na marafiki wanaotafuta nyumba huku wameniuliza mara nyingi kama kuna haja ya kuhangaika na jengo kongwe ilhali fleti mpya zipo. Ninaamini ipo, ila mnunuzi atambue mapema kwamba hanunui vyumba peke yake. Ananunua pia fungu la paa, la kuta na la ngazi, kwa ubia na majirani ambao huenda hajawahi kuwaona.

Tarehe 2 Novemba 1789 Bunge la Taifa liliamua kuweka mali za Kanisa mikononi mwa taifa, na katika miaka iliyofuata nyumba nyingi za watawa ziliuzwa au kugeuzwa kambi za jeshi, shule, magereza na maghala. Yetu ilipitia ukambi na ughala kabla ya kugawanywa kuwa fleti. Historia hiyo tunaiona kila siku sebuleni, ambako dari ina urefu wa karibu mita nne, boriti za mwaloni zimeachwa wazi, na tao la mawe linakatika ghafla katikati kwa sababu aliyegawa vyumba alipitisha ukuta wake pale pale.

Nafasi ndiyo iliyotuvuta. Tangazo lilitaja mita za mraba 140, lakini hati ya mauzo inasema 118, na tofauti hiyo haikutokana na udanganyifu. Sheria ya mwaka 1996, ambayo Wafaransa huiita sheria ya Carrez, inaagiza kwamba katika jengo lenye wamiliki wengi eneo linalouzwa lisihesabu sehemu ambayo urefu wake haufiki mita 1.80, wala kuta, ngazi na nafasi za milango. Vyumba vyetu viwili vya juu viko chini ya mteremko wa paa, kwa hiyo kuna sakafu unayoweza kuipanga vitabu na kuitandika zulia, lakini kisheria haipo. Eneo halisi likipungua kwa zaidi ya asilimia 5 ya lile lililoandikwa katika hati, mnunuzi ana mwaka mmoja wa kudai apunguziwe bei kwa kiasi hichohicho. Ndiyo maana ni muhimu kujadili bei kwa kutumia eneo la kisheria, si lile la tangazo.

Nyaraka zilizotufaa kuliko zote hazikuwa na picha hata moja. Muuzaji wa fleti ya aina hii analazimika kumpa mnunuzi kumbukumbu za mikutano mikuu ya wamiliki ya miaka mitatu iliyopita, na siku 10 ambazo mnunuzi anaruhusiwa kujitoa bila kueleza sababu hazianzi kuhesabiwa mpaka awe amepokea nyaraka zinazotakiwa. Nilizisoma usiku mzima. Mkutano wa mwaka juzi ulikuwa umeahirisha ukarabati wa paa, na ule wa mwaka jana ukaupitisha. Vigae vya mawe meusi vilivyoezekwa pale bado ni vizima. Kilichooza ni misumari inayovishikilia, kwa hiyo vinateleza kimoja baada ya kingine. Fleti yetu inabeba sehemu 87 kati ya 1,000 za jengo, maana yake kila euro 1,000 za paa zinatutoka euro 87. Bila makubaliano mengine, anayedaiwa ni yule ambaye ni mmiliki siku malipo yanapotakiwa, hata kama kura ilipigwa kabla hajafika. Tulimwomba notari, yaani afisa wa umma anayeandika hati za mauzo, aongeze kifungu kwamba kazi zote zilizopitishwa kabla ya mkataba wa awali zitalipwa na muuzaji, naye muuzaji akakubali bila mvutano. Gharama za notari zenyewe, ambazo kwa nyumba za zamani huwa kati ya asilimia 7 na 8 ya bei, kwa sehemu kubwa ni kodi, na hizo hazina mjadala.

Katika siku zile 10 tulimleta fundi mwashi mzee aliyezoea mawe ya bonde la Loire, na hapo ndipo nilipoanza kulielewa jengo. Kuta zake ni za tuffeau, jiwe jeupe laini ambalo majumba mengi ya eneo hili yamejengwa kwalo. Chini ya dirisha la chumba cha mtoto alipitisha kidole gumba ukutani, na jiwe likamwagika kama unga wa mahindi kwenye kiganja chake. Kisha akanionyesha kiraka cha kijivu, kikavu na kigumu, pembeni mwa pale palipoliwa. Miaka mingi iliyopita mtu aliziba ufa kwa saruji. Tuffeau hunywa maji ya mvua na kuyatoa polepole hewani. Saruji huyazuia, kwa hiyo unyevu hutafuta njia katika jiwe lililo jirani, na jalidi ya majira ya baridi inapoufikia, uso wa jiwe hubanduka tabaka kwa tabaka. Dawa yake ni kuichimbua saruji yote kwa patasi na kuweka chokaa, ambayo hupumua sawa na jiwe.

Kazi hiyo hatuwezi kuifanya kwa uamuzi wetu. Ukuta wa nje ni mali ya wamiliki wote, na kwa kuwa tuko katika mji wa kale ulioanza kulindwa chini ya sheria ya tarehe 4 Agosti 1962, iliyopewa jina la Malraux, waziri wa utamaduni wa wakati huo, kila badiliko linaloonekana hupita mbele ya mbunifu majengo wa serikali. Huyo ndiye aliyetukataza madirisha ya plastiki, na namshukuru. Fremu za mwaloni zitarekebishwa, na kwa ndani tutaongeza dirisha la pili dhidi ya baridi. Ripoti ya madini ya risasi, ambayo ni ya lazima kwa nyumba zilizojengwa kabla ya 1949, iligundua rangi hatari kwenye milango miwili, hiyo imeshaondolewa.

Wiki iliyopita nilihudhuria mkutano wangu wa kwanza wa wamiliki, nikapeleka picha za kiraka kile pamoja na makadirio ya fundi. Jirani wa ghorofa ya chini, mama mtu mzima, alisimama akasema kwake pia ukuta unamwaga unga, na kura zikatosha. Fundi ataanza Aprili, maana chokaa haishiki vizuri wakati wa jalidi. Mpaka wakati huo kitanda cha mtoto tumekihamishia upande wa pili wa chumba, mbali na dirisha.