Siku moja na pikapu mchangani Kigamboni

Nikisema kazi yangu ni kuwapeleka wateja wa yadi wakajaribu pikapu mchangani, watu hucheka: "Kwa hiyo unalipwa kutalii." Haya, twendeni.

Saa kumi na moja alfajiri niko yadini Mikocheni. Leo ni Hilux ya dizeli, gia za mkono. Naangalia oili na maji, napakia kamba, koleo, mbao na pampu ya upepo. Barabara ya Mandela malori ya bandarini yameshaamka. Navuka Daraja la Nyerere, nalipa, nashika njia ya Kibada kuelekea Kimbiji.

Saa mbili na nusu nimefika. Dar hatuna milima ya mchanga ya jangwani. Tuna matuta nyuma ya ufuo, na mchanga wake mkavu unameza tairi vizuri tu. Kiwanja ni cha mtu, ameturuhusu. Pale kasa wanapotaga siingizi gari. Nashusha upepo wa tairi kutoka psi 35 hadi 18 ili tairi itambae juu ya mchanga badala ya kuukata. Tumepatana saa tatu kwa sababu ni bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, leo yanakupwa saa nne na nusu, na njia ya kuingia ni mchanga mbichi wa ufuoni.

Mteja anafika saa sita kasoro robo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Foleni, bwana. Mbona tairi hazina upepo? Jaza."

Namweleza.

"Kijana, mimi nimeanza kuendesha hujazaliwa."

Nampigia bosi. Bosi anasema mpe anachotaka. Najaza tairi zote nne, jua la utosi, yeye ananiangalia kama fundi aliyemdanganya.

Tuta hupandwa wima. Mwendo unauchukua chini, ukikaribia kileleni unaachia mafuta maana upande wa pili huuoni. Ukishindwa, unarudi kinyumenyume kwenye alama zako zilezile. Ukikata kona gari linalala ubavu. Yote nilimwambia. Akapanda mshazari.

"Nyoosha, mzee, nyoosha!"

Akasimama katikati, akakanyaga mafuta. Tairi zikachimba mpaka chesisi ikakaa mchangani. "Acha mafuta!" Akaongeza.

Akashuka, akaenda kivulini chini ya mnazi kupiga simu. Mimi nikachimba. Ukitoa koleo moja, mchanga unarudi nusu. Nikashusha upepo hadi 15, nikalaza mbao, nikaweka 4L, gia nzito ya magurudumu yote manne, nikarudi nyuma taratibu. Saa ngapi hiyo sijui, mgongo tu ndio ulikuwa unahesabu. Kisha nikalipanda lile tuta mwenyewe, wima, nikashukia upande wa pili.

"Kumbe inaweza," mzee akasema. "Sasa bei mtapunguza? Maana imekwama."

Njia ya ufuoni ilikuwa imeshafunikwa na maji. Yeye gari lake lilikuwa barabarani, akakatiza kwa miguu kwenye minazi. Mimi na pikapu tukasubiri maji mpaka giza likaingia.

Kibada nikaiosha chini kwa maji yasiyo na chumvi, chesisi nzima. Chumvi haisubiri kesho. Hapo ndipo ujumbe wa bosi ukaingia: mzee amependa, kesho anamleta mdogo wake, saa ngapi?

Kesho maji yanakupwa saa tano na robo hivi. Nikamjibu: saa nne kamili, na upepo nashusha mimi.