Kufundisha Kiingereza katika kijiji cha pwani, Korea Kusini

Jamaa zangu wengi wa Unguja wanaposikia kwamba ninafundisha Kiingereza Korea Kusini, hudhani ninaishi Seoul, katikati ya maghorofa na treni za chini ya ardhi. Ninaishi Goheung, rasi iliyoko kusini kabisa katika mkoa wa Jeolla Kusini, ambako watu hulima mpunga na vitunguu saumu, huvua samaki na hulima mwani. Vijana wengi wameshahamia mijini, na kiwango cha uzazi cha nchi nzima kilishuka hadi watoto 0.72 kwa kila mwanamke mwaka 2023. Anayefundisha kijijini huliona jambo hilo kwa macho yake, kwani katika baadhi ya shule ninazozizungukia kwa basi kila wiki, darasa zima la tano hukaa kwenye meza mbili zilizounganishwa.

Mkataba wa mwalimu mgeni katika shule za serikali kwa kawaida humtaka afundishe vipindi 22 kwa wiki, na kila kipindi cha shule ya msingi ni dakika 40. Darasani huwa na mwalimu mwenza ambaye ni Mkorea, na ndiye mwenye dhamana ya somo na ya nidhamu. Saa zinazobaki mtu hukaa ofisini akiandaa masomo, hata katika likizo, watoto wakiwa hawapo. Viatu hubadilishwa mlangoni, kitu hupokewa kwa mikono miwili, na mkuu wa shule haitwi kwa jina lake bali kwa cheo chake. Mtu aliyelelewa kwa shikamoo haoni taabu yoyote katika hayo, na nadhani ndiyo sababu wazee wa kijiji walinizoea upesi.

Jambo lililonihangaisha mwanzoni ni chakula cha mchana. Walimu na wanafunzi hula pamoja katika bwalo la shule, kila mmoja na trei yake ya chuma yenye wali, supu, kimchi, yaani mboga zilizochachushwa kwa pilipili, na vitoweo viwili au vitatu, na nyama ya nguruwe huonekana mara nyingi. Faraja yangu ni karatasi ya mapishi ya mwezi mzima. Kwa ajili ya watoto wenye mzio, kila chakula huandikiwa namba za vilivyomo: namba 1 ni mayai, 9 ni kamba, 10 ni nguruwe, 16 ni ng'ombe. Mwanzoni mwa kila mwezi mimi huketi na karatasi hiyo na kuzungushia kila namba 10 kwa kalamu nyekundu, na siku hizo huja na chakula changu kutoka nyumbani. Mama mmoja wa jikoni aliliona hilo bila kuambiwa, na sasa siku ya nguruwe huniwekea kando samaki wa kukaanga. Hatuna lugha ya pamoja ya kuzungumza kwa kirefu, lakini ukarimu wake umenifikia wote.

Nirudi kwenye kazi yenyewe. Watoto wa Korea huanza Kiingereza darasa la tatu, utaratibu uliowekwa mwaka 1997, na kuanzia hapo safari yote huelekea kwenye mtihani wa kuingia chuo kikuu unaofanyika siku ya Alhamisi ya mwezi Novemba. Siku hiyo ofisi nyingi huchelewa kufunguliwa ili barabara ziwe wazi kwa watahiniwa, na wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza ndege haziruhusiwi kuruka wala kutua nchi nzima. Mtihani wa Kiingereza una maswali 45 kwa dakika 70, na 17 kati yake ni ya kusikiliza. Sehemu ya kuzungumza haimo kabisa. Kwa hiyo mzazi anayelipia tuisheni ya jioni analipia zaidi kusoma na kuchagua jibu, na mtoto hukua akijua kwamba sentensi yenye kosa ni alama iliyopotea. Ukimwomba aseme jambo lake mwenyewe kwa Kiingereza, hukaa kimya.

Kimya hicho ninakijua. Nilisoma shule ya msingi Unguja kwa Kiswahili, kisha familia yetu ikahamia Uingereza, na huko nikakaa darasani muda mrefu nikielewa mengi bila kuthubutu kutamka. Kilichonifungua mdomo ni kuulizwa jambo ambalo mimi nilikuwa nalijua na mwalimu hakulijua. Ndiyo njia ninayoifuata hapa.

Katika somo la kazi za wazazi niliwaonyesha darasa la tano picha za wanawake wa Paje, maji yakiwa yamekupwa, wakifunga mwani kwenye kamba zilizonyooshwa kati ya vijiti. Kilimo hicho kilianza Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980. Kulikuwa na mvulana ambaye wazazi wake hulima gim, mwani unaokaushwa kuwa karatasi nyembamba za kufungia wali, na ambaye hakuwahi kunijibu zaidi ya neno moja. Aliitazama picha, akauliza kwa Kiingereza kama mwani ule unaliwa. Nikamwambia kwamba kwetu hauliwi sana, kwamba hukaushwa na kuuzwa nje, ukatolewa kitu cha kugandishia vyakula na dawa ya meno. Akashangaa waziwazi. Alisimama akachora ubaoni nyavu za baba yake, akaeleza kwa maneno yasiyopangika vizuri kwamba kazi yao ni ya majira ya baridi na kwamba maji huwauma mikono. Mwalimu mwenza alitaka kusahihisha, nami nikamwomba kwa ishara asubiri.

Wasomaji wa Tanzania na Kenya huniuliza mara kwa mara namna ya kupata kazi hii. Viza ya kufundisha Kiingereza, iitwayo E-2, kwa kawaida hutolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mimi nimeipata kwa pasipoti ya Uingereza. Aliyefunga ndoa na Mkorea ana viza nyingine isiyomzuia kufanya kazi. Ninaamini kanuni hii inawanyima watoto walimu wanaowafaa mno, kwa maana kuna Mkenya au Mtanzania aliyejifunza Kiingereza darasani akiwa tayari na lugha mbili kichwani, anayejua ni wapi hasa ulimi hukwama. Hayo nimemwandikia mratibu wetu wa wilaya katika ripoti yangu ya mwisho wa muhula, na nitayaandika tena katika ripoti ijayo.