Siku 30 za mdeni
Leo kwa avoka ninakofanyia staji, hapa Lubumbashi, alikuja mama mmoja muuza saruji na mabati. Hawezi tena kulipa madeni yake, na aliogopa kwenda tribinali ya biashara kama vile ni gereza. Sheria ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za pamoja za biashara, ambao Kongo iliingia mwaka 2012, inampa siku 30 za kujitangaza kwenye tribinali hiyo kwamba hawezi kulipa, tangu aliposhindwa kulipa. Na kujitangaza si kufunga duka! Biashara ikiweza bado kuinuka, majaji wanaweza kuifungulia njia ya kupanga upya madeni, na wadai hawakimbilii tena mali kila mtu kivyake. Wenzangu tunaojifunza kazi hii, tuulize kwanza tarehe mdeni aliposhindwa kulipa, kabla ya karatasi zingine. Wengi wanafika wamechelewa, inaniuma sana.